Kuvua miwani kwa leza: Mambo ya kuyajua kabla hujapanda kitandani



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa sana na vijana wanaovaa miwani, na wazazi wao pia, ni juu ya upasuaji wa macho kwa mionzi ya leza. Wamesikia kuwa mtu huingia hospitali asubuhi na miwani yake usoni, na kesho yake akaamka hana haja nayo. Wapo pia walioambiwa kuwa ukishafanyiwa umemalizana na matatizo ya macho maisha yako yote. Kauli ya kwanza ina ukweli mwingi. Ya pili si kweli, na ndiyo inayowafanya watu watoe fedha nyingi kisha wabaki na masikitiko. Leo, inshaallah, tutaeleza upasuaji huu unafanya nini, nani anafaa na nani hafai, na mtu atarajie nini siku ile na siku zinazofuata, yakiwemo mambo ya wudhu, swala na saumu ambayo aghalabu hayamo katika karatasi ya maelekezo ya hospitali.

Leza ipi tunayoizungumzia?

Neno leza limekuwa jina la tiba nyingi, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya damu nyuma ya jicho inavuja anaweza kutibiwa kwa leza. Mwenye presha ya macho ana leza yake. Aliyetolewa mtoto wa jicho, kisha baada ya muda akaanza kuona ukungu, naye hufunguliwa utando kwa leza. Zote hizo ni tiba nyingine kabisa. Mzee mwenye mtoto wa jicho akienda kuomba leza ya kuvua miwani atarudishwa, kwani tatizo lake liko kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho, na dawa yake ni kuitoa lenzi hiyo iliyofifia na kuwekewa ya bandia.

Leza ya kuvua miwani hufanya kazi moja tu: hubadilisha umbo la konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Konea ndiyo inayopinda sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, kiasi cha theluthi mbili ya nguvu yote ya jicho, na iliyobaki hufanywa na lenzi ya ndani. Mwanga ukikutana sawasawa juu ya retina, ambayo ni pazia la nyuma la jicho, mtu huona vizuri. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye pazia, na mtu haoni mbali. Huyu ndiye asiyesoma ubao wa darasani hadi apewe miwani yenye alama ya kutoa. Jicho likiwa fupi, mambo huwa kinyume chake. Na ikiwa konea haikuviringana sawa pande zote, imekaa kama mgongo wa kijiko badala ya kukaa kama mpira, herufi huonekana zina vivuli. Leza humega konea kidogo kidogo hadi mwanga ukutane mahali pake. Kwa asiyeona mbali, katikati hufanywa bapa zaidi. Kwa asiyeona karibu, hupunguzwa pembeni ili katikati pabaki pameinuka.

Wengine huuliza kama mionzi hii haitaunguza jicho. Leza inayotumika kuchonga konea ni ya urujuanimno, na haikati kwa joto kama kisu cha moto. Mwaka 1981 watafiti wa kampuni ya IBM huko Marekani, akiwemo Rangaswamy Srinivasan, waliijaribu juu ya mabaki ya bata mzinga aliyeliwa katika sikukuu, wakakuta inakata safi na pembeni hapakuungua. Kutoka kwenye nyama ile ya karamu ndipo madaktari wa macho walipopata wazo la kuitumia kwenye konea. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu upasuaji wa kwanza wa namna hii mwaka 1995. Kwa hiyo si tiba ya majaribio. Ina umri wa mtu mzima.

Hesabu ya konea

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye uamuzi wote. Konea ya mtu ni nyembamba sana, wastani wake ni kama nusu milimita, au mikroni 540 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Kila namba moja ya miwani ya kutoona mbali humega takriban mikroni 12 hadi 15. Katika upasuaji ulioenea zaidi, unaoitwa LASIK, hukatwa kwanza kifuniko chembamba cha juu cha kiasi cha mikroni 100 au 110, kikafunuliwa kama jalada la kitabu, leza ikachonga chini yake, kisha kikarudishwa. Madaktari hutaka chini ya kifuniko hicho pabaki angalau mikroni 250, na wengi hawashuki chini ya 300.

Sasa chukua kijana mwenye namba 4 na konea ya mikroni 540. Toa 110 za kifuniko, toa kama 56 za kuchonga, zinabaki 374. Huyu yuko salama. Mwingine ana namba 10 na konea ya mikroni 480. Toa 110, toa 140, zinabaki 230. Huyu akilazimisha, konea yake inaweza kudhoofu na kuanza kuchomoza mbele kwa shinikizo la ndani ya jicho, na uoni wake ukaharibika kuliko ulivyokuwa, kwa namna ambayo hata miwani haitamsaidia. Daktari akikwambia hufai, usihame kwenda kwa mwingine atakayekubali. Amekusaidia kuliko yule angekubali. Ipo njia nyingine kwa wenye namba kubwa, ya kuwekewa lenzi ndogo ndani ya jicho bila kuitoa ile ya asili, na huyo ndiye wa kuuliziwa.

Unene peke yake hautoshi. Upo ugonjwa uitwao keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchongoka kama pia. Ukiwa mwanzoni mgonjwa hajijui. Anachojua ni kwamba miwani yake inabadilishwa kila mara. Mwenye ugonjwa huu akifanyiwa LASIK huongezewa balaa juu ya balaa. Unahusiana sana na mzio wa macho na tabia ya kuyapekecha. Katika maeneo yetu yenye joto na vumbi, watoto wenye macho yanayowasha na kuwa mekundu kila msimu ni wengi, na wazazi huona kupekecha macho ni jambo dogo. Si dogo. Mtoto huyo atibiwe mzio wake mapema, na akikua akataka leza aseme wazi kuwa alikuwa na tatizo hilo. Kipimo kinachoonyesha ramani ya konea ni lazima kwa kila mtu. Hospitali isiyo na kipimo hicho, au inayokupa tarehe ya upasuaji kabla ya kukupima, ondoka.

Wengine wasiofaa, au wa kusubiri, ni hawa: aliye chini ya miaka 18, ambaye namba ya miwani yake imebadilika katika mwaka uliopita, mama mjamzito au anayenyonyesha, kwani homoni hubadilisha konea na machozi, mwenye macho makavu sana, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na mwenye baadhi ya magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe, kama baridi yabisi ya viungo. Anayevaa lenzi za kubandika machoni aziache kabla ya vipimo, laini kwa wiki moja au mbili na ngumu kwa wiki kadhaa, kwani hubonyeza konea na kuharibu kipimo.

Aliyefika miaka arubaini asome hapa

Ndugu msomaji, hili wengi hawaambiwi, au huambiwa harakaharaka wakati wa kutia saini. Kuanzia miaka ya arubaini, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na mtu hushindwa kusoma maandishi ya karibu. Leza ya konea haizuii jambo hilo. Tena kwa asiyeona mbali kuna jambo jingine. Mtu wa miaka 45 mwenye namba 2 na nusu, sasa hivi akitaka kusoma Msahafu huvua miwani yake na kusoma bila taabu. Ule upungufu wake wa mbali ndio unaompa uoni wa karibu. Akifanyiwa leza ataona mnara wa msikiti ulio mbali, lakini Msahafu ule ule atauhitajia miwani. Amebadilisha miwani moja kwa nyingine, na gharama juu yake. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha madrasa, kushona au kusoma hesabu za duka, huenda hii ikawa hasara. Kwa dereva huenda ikawa faida. Ipo namna ya kurekebisha jicho moja kwa mbali na kuliacha jingine kwa karibu, lakini si kila ubongo unaizoea, na ni vizuri kuijaribu kwanza kwa lenzi za kubandika kwa siku kadhaa.

Aina tatu

LASIK tumeshaieleza. Ya pili inaitwa PRK. Hii haina kifuniko. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza ikachonga, kisha huwekwa lenzi laini ya kulinda jicho hadi ngozi iote upya baada ya siku tatu hadi tano. Maumivu yake ni makubwa zaidi siku ya kwanza mpaka ya tatu, na uoni huchukua wiki kadhaa kutulia. Lakini inafaa kwa mwenye konea nyembamba kiasi, na kwa mchezaji wa ngumi, karate au mpira, kwa kuwa kifuniko cha LASIK kinaweza kusogea kwa pigo zito hata baada ya miaka. Ya tatu ni SMILE, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016, ambapo leza hukata kipande chembamba ndani ya konea na daktari akakivuta kupitia mlango wa milimita chache. Mashine zake si nyingi.

Siku yenyewe

Usijitie manukato, udi wala mafuta ya kunukia, hata ikiwa ni Ijumaa. Mvuke wa manukato huathiri mashine. Wanja usitiwe kwa siku kadhaa kabla, na mama au dada asipake kitu chochote usoni. (Wanja wa kununua mitaani una tatizo lake jingine: baadhi yake umepimwa ukakutwa na risasi, na haufai machoni mwa mtu yeyote, sembuse mtoto mchanga.) Vaa shati la vifungo. Kanzu ya kuvulia kichwani, au vazi la kupitishia usoni, linaweza kukwaruza jicho ukirudi nyumbani. Nenda na mtu wa kukurudisha, kwani hutaweza kuendesha gari.

Hutapigwa sindano ya usingizi. Utatiwa matone ya ganzi, ulale chali, na kope zishikwe na kifaa kidogo ili usipepese. Watu wengi huogopa kwamba wakipepesa au wakisogea jicho litaharibika. Kope huwa zimeshikwa, na mashine hufuatilia mwendo wa jicho na kusimama likitoka mahali pake. Kazi yako ni kuangalia taa ndogo utakayoonyeshwa. Wakati wa kukata kifuniko utasikia jicho linabanwa, na kwa sekunde chache uoni unaweza kuwa giza kabisa. Usishtuke, ni kawaida. Kisha utasikia mlio wa tiktik na harufu kama ya nywele zilizoungua. Leza ya kuchonga aghalabu haizidi dakika moja kwa jicho, na macho yote mawili hayachukui zaidi ya nusu saa.

Ukiinuka utaona, lakini kama kupitia maji. Ganzi ikiisha macho huchoma, hutiririka machozi na huchukia mwanga kwa saa kadhaa. Nenda ukalale. Aliyefanyiwa LASIK kesho yake huwa anaona vizuri kiasi cha kushangaa, na siku hiyo ndiyo ya kurudi kwa daktari akukague. Usiache kurudi kwa kuwa unaona vizuri, maana kifuniko kikiwa na mkunjo hunyooshwa mapema.

Wudhu, swala na saumu

Adui wa wiki ya kwanza ni wawili: maji yasiyo safi na mkono wako mwenyewe. Maji ya bomba, ya kisima na ya birika yanaweza kubeba vijidudu, na konea iliyotoka kukatwa haina ngozi kamili ya kujilinda. Daktari atakukataza maji yasiingie machoni kwa muda atakaoutaja, mara nyingi wiki moja. Hapa ndipo wapo wanaoacha tahadhari wakachota maji kwa viganja na kuyatupa usoni kama walivyozoea, na wapo wanaotia shaka hadi swala ikawapita. Yote mawili hayana haja.

Ndani ya jicho hapalazimu kuoshwa katika wudhu. Kinacholazimu ni uso. Lowesha mkono au kitambaa safi, ukikamue kidogo, ufumbe macho, uyapitishe maji kwenye paji, mashavu, pua na kidevu bila kufikia kope. Sehemu inayozunguka jicho ambayo daktari amekataza isiguswe na maji, wanachuoni wa Kishafi wameeleza kuwa mtu huosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa. Lakini udongo wa tayamamu nao ni vumbi, kwa hiyo mikono ikung'utwe vizuri na ipitishwe kwa wepesi, mbali na macho. Mwenye hali isiyo ya kawaida amuulize sheikh wake, na amweleze daktari alisema nini hasa. Kwa kuoga, mwaga maji kuanzia mabegani, na kichwa kioshwe na mtu mwingine ukiwa umekiegemeza nyuma.

Kusujudu hakuna tatizo kwa LASIK ya kawaida, kwa sababu ndani ya jicho hapakufunguliwa. Tatizo ni vumbi la mkeka na kitambaa kugusa jicho. Swali juu ya msala wako uliofuliwa. Dada anayevaa nikabu ahakikishe ni safi na haisugui kope. Usiku lala na kile kinga cha plastiki unachopewa, hasa ukiwa unalala na mtoto mdogo, maana kiwiko cha mtoto hakina adabu. Moshi wa jiko la mkaa na wa ubani ukae mbali kwa wiki mbili. Baharini na kwenye bwawa usiingie hadi uruhusiwe.

Dawa za matone mara nyingi ni mbili, ya kuzuia vijidudu na ya kutuliza uvimbe, na hutiwa kiasi cha mara nne kwa siku. Zifungamanishe na swala ya Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri na Isha, na hutasahau. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutia. Aliyefunga asiwe na wasiwasi: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, matone ya machoni hayafunguzi hata kama uchungu wake utahisika kooni. Wafuasi wa Imam Malik wana kauli tofauti dawa ikifika kooni. Ukibonyeza taratibu kona ya ndani ya jicho, upande wa pua, kwa dakika moja au mbili baada ya kutia, dawa haishuki sana; lakini wiki ya kwanza bonyeza mfupa wa pua tu na usiguse jicho. Hata hivyo vidonge vya maumivu humezwa, kwa hiyo ni bora usipange upasuaji ndani ya Ramadhani, wala wiki chache kabla ya safari ya Hija, kwenye vumbi na msongamano.

Dawa ya kutuliza uvimbe ina steroidi. Isimamishe siku uliyoambiwa. Watu huona macho yametulia, wakaendelea kuinunua dukani kwa miezi. Hiyo hupandisha presha ya macho kimyakimya, na kipofu wa presha ya macho harudishiwi uoni wake. Usimpe dawa hiyo mtoto mwenye mzio eti kwa kuwa imebaki.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaozidi, usaha au uoni unaoshuka, usisubiri hadi Jumatatu. Rudi siku hiyo hiyo.

Miezi inayofuata

Macho makavu ndilo lalamiko kubwa. Kukata konea hukata pia neva zinazoamrisha machozi, na huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka, kurejea. Lingine ni miduara na miali kuzunguka taa usiku. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwafuatilia waliofanyiwa LASIK, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika wale ambao hawakuwa na dalili yoyote ya kuona mng'aro, vivuli au miduara, zaidi ya 4 katika 10 walikuwa na angalau dalili moja miezi mitatu baadaye. Karibu 3 katika 10 waliokuwa hawana ukavu wa macho waliupata. Pamoja na hayo, waliosema dalili hizo zimewakwamisha sana katika shughuli zao hawakufika mmoja katika mia, na wengi mno waliridhika. Dereva wa usiku aziangalie takwimu hizi kwa makini kuliko mtu wa ofisini.

Na jicho lililokuwa refu linabaki refu. Leza imebadilisha kioo cha mbele tu. Aliyekuwa na namba kubwa bado yuko katika hatari kubwa kuliko wengine ya retina kubanduka, na ya presha ya macho. Ukiona miali ya mwanga, vidoa vingi vyeusi vya ghafla, au pazia likishuka upande mmoja, hiyo ni dharura hata ikiwa ulivua miwani miaka 20 iliyopita. Konea iliyokondeshwa pia huidanganya mashine ya kupima presha ya jicho, ikasoma chini kuliko hali halisi. Na ukija kupata mtoto wa jicho uzeeni, hesabu ya lenzi ya kukuwekea hukosewa kama daktari hajui konea yako ilikuwaje zamani. Kwa hiyo kabla ya kulipa fedha ya mwisho, omba nakala ya vipimo vyote vya kabla na baada ya upasuaji, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati za nyumba, na mkeo au mumeo ajue ilipo.